Taa Nyekundu ya Banda la Saba

Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye geti la kiwanja cha filamu huko Sun Valley, Los Angeles, na katika miaka hiyo nimesikia watu wakichinjwa, wakipigwa risasi na kutupwa madirishani, siku nyingine mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Kisha hao hao waliochinjwa hupita mbele yangu na taulo shingoni, wakiuliza kama gari la kahawa limefika. Ukikaa mahali kama pale, masikio huota sugu. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza masikio yangu yalikuwa wapi siku ile. Yalikuwa pale pale, hatua moja kutoka mlangoni.

Ninayemsimulia ni Eulalio Menjívar, fundi mkuu wetu wa umeme, ambaye sote tulimwita Don Lalo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikukunjika. Askari walivivunja kwa kitako cha bunduki kijijini kwao Chalatenango, El Salvador, wakati wa vita, alipokuwa na miaka ishirini. Kaka yake hawakumvunja vidole tu. Don Lalo alilala mtaroni chini ya majani ya mahindi akamsikiliza kaka yake akipigwa mpaka akanyamaza, na haikuwa kazi ya dakika moja.

Jambo hilo alinisimulia mara moja tu, tukiwa tumesimama nje ya banda la nne huku ndani mwigizaji mmoja maarufu akifa kwa mara ya sita asubuhi ile. Alikufa vizuri sana, kwa sauti ya kupanda na kushuka. Don Lalo akatema mate pembeni.

"Mwongo huyo," akasema. "Mtu anayeumia kweli hapigi kelele vizuri, Dada Siro. Sauti inamtoka mbovu, haina kichwa wala miguu. Ukiisikia unaona aibu kuisikiliza."

Nikacheka, nikamwambia aende akamfundishe mwongozaji, huenda akaongezwa mshahara. Mungu anisamehe kicheko kile.

Kiwanja chetu kilikuwa mali ya kampuni kubwa ya kupangisha majengo, yenye ghorofa za ofisi San Francisco na Seattle, na mabanda ya kupigia filamu huku kwetu. Hisa zake huuzwa sokoni, mwenye pesa akanunua. Kila baada ya miezi mitatu wakubwa huwaeleza wenye hisa, kwa simu, robo mwaka imekwendaje, na yeyote anaweza kusikiliza. Don Lalo alikuwa na hisa arobaini. Alizinunua kwa dola thelathini na nne kila moja, akajivunia, na wakati wa habari hii moja haikutosha kununua kikombe cha kahawa.

Hata hivyo hakukosa simu hata moja. Aliiweka simu juu ya ndoo iliyofudikizwa katika chumba cha mitambo ya umeme, akafungua pupusa alizofungiwa na mkewe Berta, mikate minene ya mahindi iliyojaa jibini na maharage, na kunikaribisha kama bwana harusi. Njoo, husema, leo sisi wenye nyumba tunapewa taarifa. Mkubwa akisema hali ya soko ina changamoto, Don Lalo alimjibu "mwongo" kinywa kikiwa kimejaa. Akisema kampuni imebana matumizi, alitaja majina ya waliobanwa, mmoja mmoja, mpaka pupusa ikapoa mkononi.

Na waliobanwa walikuwa wengi. Ofisi zilihamwa, kwa kuwa watu walizoea kufanyia kazi nyumbani wakiwa na kaptura. Halafu wakagoma waandishi wa filamu, wakagoma na waigizaji, na mgomo ulipokwisha filamu hazikurudi. Zilikwenda Georgia, zikaenda London, kokote kodi ilikokuwa nafuu. Kati ya mabanda yetu tisa yalibaki mawili yenye kazi. Masika ile waliachishwa mafundi sita na mlinzi wa geti la nyuma, na mahali pa mlinzi wakaweka mnyororo na kufuli. Miongoni mwa mafundi hao alikuwa Dale Rasko, aliyefundishwa kazi na Don Lalo tangu hajui kufunga fundo. Mtoto wa Rasko alipozaliwa, Berta ndiye aliyempikia mkewe supu siku arobaini. Baada ya kuachishwa, Rasko alikosa kodi ya nyumba, mke akaondoka na mtoto, naye akawa analala ndani ya gari kando ya barabara kuu. Tulimhurumia. Don Lalo alimpelekea chakula kila Jumamosi.

Simu ya mwezi wa nane ilikuwa mbaya. Mkubwa alisema bila kupepesa kwamba kiwanja cha Sun Valley, kama hakitapata wapangaji zaidi kabla ya robo ya tatu kwisha, kitauzwa kigeuzwe ghala la vifurushi. Don Lalo aliiweka pupusa chini. Ilikuwa imebaki miezi kumi na minne astaafu na pensheni kamili. Akifukuzwa kabla ya hapo angepata nusu, na kwa umri wa miaka sitini na mitatu hakuna ambaye angemwajiri apande darini kufunga taa. Mimi nikasema kahawa imekwisha.

Kisha likaja tumaini. Kulikuwa na watu waliotaka kupiga filamu ya mfululizo kuhusu mabondia wa zamani, wale wa kupigana ngumi tupu hadi mmoja asiamke. Walitaka banda la saba, la nane na la tisa kwa miezi minane, lakini kwanza mkaguzi wao apitishe umeme wa banda la saba, Jumatano ya tarehe ishirini na tano Septemba. Ukipita watatia saini kabla ya mwezi kwisha. Usipopita, ghala la vifurushi.

Basi Don Lalo akahamia banda la saba. Malipo ya saa za ziada yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo Jumapili alikuja bure, akavuta nyaya nene za shaba kama mkono wa mtu na kuzipanga mstari mmoja mmoja sakafuni. Kitu kimoja tu kilimshinda. Mpira wa kuziba mlango wa banda lile ulikuwa umechanika chini na sauti ilikuwa inavuja nje. Aliomba mpira mpya mara nne, na mara nne akaambiwa asubiri robo ijayo.

Sasa nieleze habari ya taa, maana bila taa mtaniona mwendawazimu. Juu ya kila mlango wa banda kuna taa nyekundu inayozunguka. Kengele ikilia mara moja na taa ikawaka, ndani kamera inapiga, na mlango haufunguliwi. Haufunguliwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Watoto wa pale kiwanjani huijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma. Mimi niliishika kuliko wote. Siku moja mkubwa mwenyewe wa kampuni alikuja na wageni wake wa hisa, akanyoosha mkono afungue banda la pili taa ikiwaka, nami nikaudaka ule mkono wa saa ya dhahabu hewani, mbele za watu. Nilidhani nimejifukuza kazi. Badala yake nikapewa cheti, na tangu hapo ikawa mithali ya kiwanja kizima, kwamba taa ikiwaka Siro hafungui. Nilikuwa na majivuno nayo. Nilikitundika cheti kibandani kwangu.

Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, adhuhuri, nilifunga geti kubwa nikaenda kuzunguka kiwanja kama kawaida. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtu. Nilipofika pembe ya banda la nane nikasikia kengele ikilia mara moja, nikageuka, na taa ya banda la saba ilikuwa inazunguka.

Nilifurahi. Nalisema hili bila kujificha, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Taa ile ilikuwa haijawaka kwa miezi minane. Nikajua watu wa mabondia wamekuja mapema kufanya majaribio, Don Lalo kawapitisha geti la nyuma. Nikasogea mlangoni nikasimama kama ninavyosimama siku zote, mikono nyuma, nikilinda.

Ndani walikuwa wanapigana. Nilisikia chuma kikianguka, miguu ikikimbia, kitu kizito kikigonga ukuta. Mtu akapaza sauti, "Mshike huo mguu!" Halafu pigo, na pigo jingine, yale mapigo ya kitu kigumu juu ya kitu laini, na kati yake mtu alikuwa analia. Kilio kilikuwa kibaya. Kilikatika katikati, kikaanza upya mahali pasipostahili, mara kikawa kama cha ng'ombe aliyenasa matopeni. Nikawaza, huyu mwigizaji wamemwokota wapi, kazi hii haijui.

Hivyo ndivyo nilivyowaza, mimi niliyefundishwa.

Simu yangu ikalia mfukoni. Alikuwa Berta. Nikaizima haraka, nikikasirika kwamba nimesahau kuizima mapema, maana mlango unavuja na mlio ungewaharibia sauti.

Kisha mlango ukagongwa kutoka ndani. Uligongwa chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, mara tatu, polepole. Nikadhani wameangusha mbao. Nikaitazama taa, nayo ilikuwa inazunguka. Ukagongwa tena mara moja. Baada ya hapo nyuma ya banda nikasikia injini ya lori ikiwaka na kuondoka kwa kasi, na bado taa ikawa inazunguka juu ya kimya.

Nilisimama dakika kumi na moja. Polisi walizihesabu baadaye kwa kamera ya ukutani. Katika picha naonekana nimenyooka vizuri, na mara moja, Mungu anisamehe, natabasamu.

Kilichonitoa pale ni damu. Ilipita chini ya mlango, pale mpira ulipochanika, ikafuata ufa wa saruji mpaka kwenye kiatu changu. Damu ya filamu naijua. Ni sukari na rangi, hutunzwa kwenye friji na huvutia sisimizi. Niliinama kuipangusa kabla haijakauka sakafuni, nikaigusa kwa kidole. Ilikuwa ya moto.

Niliuvuta mlango taa ikiwa bado inawaka, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Don Lalo alikuwa amelala kizingitini kifudifudi. Nyuma yake kulikuwa na mfereji mwekundu wa hatua ishirini na sita, njia aliyotambaa. Goti moja lilikuwa limegeukia upande ambao goti haligeukii. Nyuma ya kichwa chake palikuwa pametepeta, na vidole vyote vya mkono wake mzima, ule wa kulia, vilikuwa vimepondwa vikawa sawa na vya kushoto. Kwenye sakafu kulikuwa na meno ambayo hayakuwa yake. Nilimgeuza, nikamweka kichwa pajani, nikapiga simu hospitali kwa mkono unaoteleza.

Alifumbua jicho moja. Akauliza wamechukua nyaya ngapi. Nikamwambia hawakuchukua hata mmoja, na macho yangu yalikuwa yanaona mistari minne mitupu kati ya tisa.

Kisha akaniangalia.

"Taa ilikuwa inawaka?" akauliza.

"Ilikuwa inawaka, Don Lalo."

"Basi," akasema. "Basi."

Hakusema neno jingine, pale wala hospitalini. Berta alipofika wodini akaniuliza kwa nini sikupokea simu yake, alitaka tu kujua kama mumewe atakuja kula. Nikamweleza kila kitu, nilisimama wapi na nilisikia nini. Alinipiga kofi mbele ya wauguzi, akanipiga la pili, akakunja ngumi akanipiga kifuani mpaka akachoka. Nilitamani asichoke. Halafu akaniegemea, na tukakaa hivyo kwa sababu hapakuwa na kiti kingine.

Wezi walikamatwa Jumatatu kwa muuza vyuma chakavu, mmoja taya limefungwa bendeji. Walikuwa watatu, wamevaa vizibao vya mafundi, na aliyewaongoza alikuwa Rasko. Kikulacho ki nguoni mwako. Mahakamani alieleza yote kwa sauti ya chini, bila kubishana. Walikata mnyororo wa geti la nyuma, kwa kuwa alijua halina mlinzi. Hakujua kwamba mzee angekuwepo, maana nani hufanya kazi bure Jumapili. Don Lalo alishuka ngazi akiwa na spana ya mabomba, akamwita kwa jina, akamwambia auache waya, waongee. Mmoja wa wezi wenzake Rasko akamsukuma mzee, na Don Lalo akamvunja taya. Hapo ndipo Rasko alipoinua mkasi wa kukatia vyuma, wenye mipini mirefu kama jembe, akampiga mgongoni, akampiga goti, akampiga kichwa. Mzee akaanguka juu ya waya na kuukumbatia. Hakuuachia. Wakampiga vidole kimoja kimoja mpaka ukatoka.

Wakili akauliza kwa nini hawakumzuia alipotambaa kwenda mlangoni. Rasko aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akanitafuta kwenye viti.

"Nilikuwa nimewasha taa," akasema. "Nikawaambia mwacheni. Siro yuko zamu, na Siro hafungui."

Alihukumiwa miaka thelathini na moja. Kuna siku natamani wangempa mia, kuna siku nawaza kwamba sote wawili tulimuua, yeye kwa mkasi na mimi kwa cheti.

Don Lalo alikata roho Alhamisi alfajiri. Siku moja kabla yake mkaguzi alikuwa amekuja. Mafundi wenzake waliobaki walikwenda banda la tatu na la nne, wakang'oa nyaya za huko, wakazileta la saba, siku mbili mchana na usiku, wengine wakilia huku wakikaza nati. Umeme ukapita. Ijumaa watu wa mabondia wakatia saini, na mwezi ukaisha kiwanja kikiwa salama. Alichokitaka kikapatikana, siku moja baada ya yeye kutokuwepo.

Mwezi wa kumi na moja Berta alinipigia, akasema hisa arobaini sasa ni zake na anataka kusikia taarifa. Alikuja na pupusa. Tulikaa chumba cha mitambo, yeye juu ya kiti cha mumewe, simu juu ya ndoo ile ile. Mkubwa alikuwa na furaha. Robo ya tatu, alisema, mabanda yaliyopangishwa yameongezeka kuliko ilivyotarajiwa, na Sun Valley imeongoza. Kulikuwa na gharama ndogo ya ukarabati kutokana na wizi katika banda moja, lakini hiyo ni ya mara moja na haitajirudia. Kisha akaendelea na ofisi za Seattle.

Kiingereza cha Berta ni kidogo. Aliniangalia.

"Kuhusu Lalo kasema nini?"

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Ile ya mara moja."

Akazifunga pupusa zake karatasini bila kuzigusa, akaondoka. Mimi nilikwenda kibandani, nikakiteremsha cheti changu ukutani na kukivunja kioo chake kwa kisigino.

Januari wale wa mabondia wakaanza kupiga filamu. Asubuhi ya kwanza nilikuwa napita banda la saba, kengele ikalia mara moja na taa ikaanza kuzunguka. Waliweka mpira mpya mlangoni, sauti haikutoka hata chembe, na kimya kile kilinichoma kuliko kelele. Nilisimama mikono nyuma. Nilihesabu mpaka kumi na nne.

Nikaufungua.

Watu sitini waligeuka wakaniangalia. Mtu mmoja akatupa chini makaratasi yake, mwongozaji akanitukana mimi na mama yangu, na walikuwa na haki, nilikuwa nimewaharibia kazi ya asubuhi nzima. Katikati ya ulingo kijana mmoja alikuwa amelala chali, uso umejaa damu. Nilipita kati ya kamera na watu, nikapanda ulingoni, nikapiga magoti, nikamgusa shavuni kwa kidole. Aliniambia taratibu, "Mama, mimi sijambo," lakini sikumsikiliza mpaka kidole kiliponijibu.

Damu ilikuwa baridi. Nikamwomba radhi, nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikaenda getini kusubiri waje wanifukuze.